Kanda zetu za harusi zisibanwe kwa pupa

Najua wapo watakaouliza mambo ya kompyuta yameingiaje katika ukurasa wa utamaduni. Nawaomba wanivumilie kidogo. Nataka kuzungumza juu ya kubana picha za video, na hasa juu ya ile njia ya kuzibana kwa duru mbili badala ya moja. Mimi si fundi wa mambo hayo wala sidai kuwa fundi. Jambo hili limenifika nyumbani, na limenifika kwa njia ya marehemu nyanya yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka wa 1987 dada yangu aliolewa hapa Mombasa, Mji wa Kale. Jamaa yetu mmoja alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka Dubai, na miongoni mwa mizigo aliyokuja nayo ilikuwamo kamera ya video, ile kubwa ya kubeba begani. Siku hizo kamera harusini lilikuwa jambo la kujivunia, na majirani walijaa madirishani kuitazama kamera kuliko walivyomtazama bwana harusi. Zikatoka kanda mbili za saa tatu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mambo ya hadharani: nyumba ilivyopambwa, nikaha msikitini, kirumbizi uwanjani, kisha zefe ya usiku ya kumleta bwana harusi. Ya pili ilikuwa ya wanawake peke yao, na aliyeishika kamera ni binamu yetu wa kike aliyefundishwa kuitumia mchana ule ule.

Nyanya alikuwamo katika kanda ya kwanza. Zefe ilipofika mlangoni yeye ndiye aliyetoka kuipokea. Alisimama kizingitini na buibui lake la kizamani, mkononi ameshika mrashi wa fedha, akawa anawarashia watu marashi huku akipiga vigelegele. Matari yalikuwa yakilia, vijana wakisukumana, karabai zikiyumba juu ya vichwa. Nyanya alifariki mwaka wa 1991, na kwa tulivyojua sisi, hiyo ndiyo picha pekee iliyomwonyesha akienda na kusema.

Mwaka wa 2012 tuliona kanda ile imeanza kuota kuvu, kama kanda zote zinavyoota kuvu kwa joto na unyevu wa pwani yetu. Tukaipeleka katika duka moja mjini ili igeuzwe iwe faili la kompyuta. Kijana wa duka alifanya hima, na kesho yake tukapewa flashi. Na hapa nikiri kosa letu wenyewe: kanda ile yenye kuvu tukaitupa. Tulisema ya nini tena, na picha tunazo?

Siku ya Ijumaa tukakusanyika mbele ya televisheni. Mwanzoni palikuwa na pazia la kupambia chumba cha bibi harusi, ambalo binamu yetu wa kamera alilipenda sana, akaliganda kwa dakika nne nzima. Pazia lile lilikuwa safi, ungeweza kuhesabu maua yake. Lakini zefe ilipoingia, picha ikavunjika. Matari yakawa madoa, vijana wakawa rangi tupu, na nyanya alipotokea kizingitini uso wake ulikuwa miraba mitano au sita ya rangi ya kahawa iliyokuwa ikiruka ruka. Mpwa wangu, aliyekuwa mtoto wa miaka minane na ambaye hakuwahi kumwona nyanya huyo, akaniuliza, "Shangazi, mbona bibi huyu amekuwa vigae?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile halikunitoka, na miaka iliyofuata nikawa namwuliza kila anayejua. Nitaeleza nilivyoelewa.

Kanda za VHS, ambazo kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuziuza mwaka wa 1976, hazikuhifadhi picha kwa tarakimu. Ukiziingiza katika kompyuta kwa mtindo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu, kila picha huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, na kila sekunde hupita picha 25. Ziache hivyo hivyo bila kuzibana, kwa hesabu ya baiti moja na nusu kwa kila nukta, na saa moja tu itakula gigabaiti 56. Kanda yetu ya saa tatu ni gigabaiti 168. Ndiyo sababu lazima zibanwe, na mbanaji yeyote, wa dukani au wa nyumbani, huanza na shida hiyo hiyo.

Programu ya kubana haihifadhi kila picha nzima. Huweka picha moja kamili mara moja moja, kisha kwa zile zinazofuata huandika yaliyobadilika tu. Pazia lililotulia halibadiliki, kwa hiyo gharama yake ni ndogo mno. Zefe ya watu sitini usiku, kila mmoja na kofia yake na bakora yake, hubadilika kila nukta, na gharama yake ni kubwa. Gharama yenyewe hupimwa kwa biti, na kila baiti moja ni biti 8. Biti zikipunguka, programu hupunguza habari zilizomo ndani ya vile vimraba vidogo ambavyo picha imegawanywa, mpaka kimraba kinabaki na rangi moja tu. Hivyo ndivyo vigae alivyoviona mpwa wangu.

Duka lile lilikuwa limeiambia programu itoe biti sawa sawa kwa kila sekunde, pazia au zefe, mamoja. Mtindo huo si mgeni. Zile sidii za video tulizokuwa tukinunua zamani, zilizotokea mwaka wa 1993, sharti lake lilikuwa hilo: biti 1,150,000 kwa picha za kila sekunde, picha itulie isitulie. Wakati ule mashine zilikuwa dhaifu na sharti lilikuwa na maana. Lakini mwaka wa 2012 hapakuwa na sababu tena. Pazia lilipewa biti lisizozihitaji, na nyanya akanyimwa.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili, maana tunalijua kutoka jikoni. Mpishi wa harusi ana sufuria zake za pilau, na pilau haiongezeki. Akianza kupakua bila kujua wageni ni wangapi, kila sinia analijaza sawa. Sinia la watoto wawili linarudi nusu limebaki, na wale mabaharia wanne waliotoka kazini wanalamba sinia na kuangaliana. Mpishi mwenye akili hatii mwiko sufuriani kwanza. Hutuma mtu azunguke barazani, aangalie nani amekaa wapi, wangapi watu wazima, wangapi watoto, wangapi wametoka safari. Akirudi na hesabu ndipo upakuaji unapoanza. Pilau ni ile ile, lakini hakuna anayeondoka na njaa.

Kubana kwa duru mbili ndiko huko. Katika duru ya kwanza programu huipitia video yote tangu mwanzo hata mwisho, na haitoi kitu cha kutazamwa. Huandika daftari tu. Kwa kila picha moja huandika mstari mmoja: picha hii ni ya aina gani, ugumu wake kiasi gani, ingekula biti ngapi. Kanda ya saa tatu ina picha 270,000, na daftari lake basi lina mistari mingi kama hiyo. Katika duru ya pili programu inarudi mwanzo, safari hii ikijua kila kilichoko mbele, na inagawa biti zile zile ilizopewa kwa kufuata daftari. Pazia linapata kidogo, zefe inapata kingi, na mwishoni faili linatoka na ukubwa ule ule ulioutaka, karibu sawa kabisa.

Nimesema duru. Wazungu wana neno lao lenye maana ya kupita, na wapo wanaolitafsiri hivyo. Mimi naona duru latosha, maana tayari twalitumia kwa mambo yanayorudiwa tangu mwanzo. Wataalamu wa lugha wakiwa na neno bora, nitalipokea.

Sasa nije kwenye kanda ya pili, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Kanda ya wanawake ilikaa chini ya kitanda cha mama yetu kwa zaidi ya miaka thelathini, imefungwa ndani ya leso. Humo mna kutia hina, mna vugo, mna ukumbi wa usiku ambapo shangazi zetu na wake wa jirani wamevua mabuibui, wamejifunga, wanacheza chakacha. Baadhi yao ni marehemu sasa. Wengine ni mabibi wenye heshima zao ambao wajukuu zao hawajui kama walikuwa wakicheza hivyo. Waliikubali kamera kwa sababu aliyeishika alikuwa mwanamke na kwa sababu waliambiwa kanda haitatoka nyumbani. Ile ni amana. Nani atathubutu kumpelekea kijana wa duka, aitazame saa tatu nzima, abaki na nakala katika kompyuta yake?

Na hili si letu peke yetu. Nyumba ngapi Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga zina kanda kama hiyo chini ya kitanda? Wenyewe hawawezi kuipeleka dukani, na hawajui la kufanya nyumbani. Huku kuvu inaendelea na kazi yake. Deki nazo zinakwisha; kampuni ya mwisho iliyokuwa ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka wa 2016. Rai yangu basi ni kwamba kazi hii ifanywe nyumbani, na mabinti wa nyumba, na kwa njia ya duru mbili. Nasema hivyo kwa sababu tumekwisha kuifanya.

Yule mpwa wangu wa vigae ni msichana mkubwa sasa. Deki tuliipata kwa jirani, tukanunua kile kifaa kidogo cha kuunganisha deki na kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kusomea. Programu hazikutugharimu hata senti. Iko FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka wa 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri. Iko na HandBrake kwa wasiopenda kuandika amri, ambayo ina kisanduku cha kutia alama ukitaka duru zaidi ya moja. Zote mbili zinajua kubana kwa mtindo wa H.264, uliopitishwa mwaka wa 2003, ambao karibu kila televisheni ya siku hizi inausoma ukichomeka flashi.

Kwa jamaa tulikusanya kanda 10, za harusi na za maulidi, na tulitaka zote ziingie katika flashi moja ya gigabaiti 16. Maana yake kila kanda isizidi gigabaiti moja na nusu. Hesabu yake si ngumu. Gigabaiti moja na nusu ni biti 12,000,000,000. Saa tatu ni sekunde 10,800. Ukigawanya unapata biti 1,111,000 na kitu kwa sekunde. Toa 128,000 za sauti, zinabaki kama 983,000 za picha. Hicho si kiasi kikubwa kwa kanda kuukuu yenye chenga, na ndipo ugawaji unapokuwa na maana. Mwenye gala lililojaa hana haja ya kupima kwa kibaba. Mwenye pishi moja ndiye anayepima.

Tulianza baada ya sala ya isha. Duru ya kwanza huenda upesi kuliko ya pili, maana programu inaruhusiwa kufanya mambo kwa wepesi inapohesabu tu. Ilikwisha, ya pili ikaanza, tukaenda kulala. Saa nane za usiku stima ikakatika. Nilidhani kazi yote imepotea, lakini asubuhi mpwa wangu alicheka akanionyesha lile daftari limo ndani ya diski salama. Ilibidi kurudia duru ya pili tu. Kosa jingine lilikuwa la mikono yetu. Tulipoona mwanzo wa kanda una dakika mbili za giza tupu, tukazikata, kisha tukataka kutumia daftari lile lile. Programu ikakataa, na ilikuwa na haki, kwa sababu mistari ya daftari haikulingana tena na picha. Kukata na kusafisha kote kufanywe kabla ya duru ya kwanza.

Hapa sitaki kuwadanganya wasomaji wangu kwamba duru mbili ni dawa ya kila kitu. Programu inajua kupima ugumu, haijui kupima thamani. Kanda za VHS zina ule mstari unaotetemeka chini kabisa ya picha, ambao televisheni za zamani zilikuwa zikiuficha nyuma ya fremu zake. Kwa programu mstari ule ni kitu kigumu sana, maana haufanani na uliotangulia hata mara moja, na itaumwagia biti kama vile ndio bibi harusi mwenyewe. Hali kadhalika zile chenga za picha za usiku. Mara ya kwanza tulipobana kanda ya wanawake, ukumbi ulitoka vizuri, lakini giza la ua lenye chenga tupu lilikula biti nyingi kuliko nyuso za watu. Tukarudi, tukaukata ule mstari wa chini, tukazipunguza chenga kidogo, kidogo tu, kwa sababu ukizidisha nyuso zinakuwa kama za nta. Tukaanza duru upya.

Na ni katika kurudia huko ndipo tulipomwona. Kanda hii tulikuwa hatujaitazama tangu deki yetu iharibike miaka ya tisini, na mimi mwenyewe nilisahau kwamba nyanya aliingia ukumbini usiku ule. Hakucheza. Amekaa juu ya mkeka karibu na mlango, amejifunga leso kiunoni, anacheka na mtu asiyeonekana. Dakika mbili hivi, si zaidi. Na kwa sababu ametulia, na taa ni hafifu, programu kwa akili yake ilimpa sehemu ndogo. Haikumvunja vigae, lakini ilimfifisha.

Mpwa wangu hakusema neno. Alitazama saa ya picha, akaandika namba mbili katika karatasi, ya picha anapotokea na ya picha anapoondoka. Kumbe programu hukubali kuambiwa: tangu picha hii mpaka hii, ongeza nusu zaidi ya ulivyokusudia. Ikachukua kidogo kutoka kwa ngoma, ikampa nyanya. Mimi naona hapo ndipo palipo kazi yenyewe. Daftari litahesabu ugumu, lakini ni mtu wa nyumba anayejua yule aliyekaa mlangoni ni nani. Kijana wa duka angemjuaje?

Wenye maduka watasema mteja hasubiri, na duru mbili zamlia fundi wakati. Nakubali ni kweli. Basi na wamwambie mteja hivyo, wamwekee bei mbili, achague. Mimi ningelipa mara mbili mwaka ule wa 2012 kama ningeambiwa kuna cha kuchagua. Kilichoniuma ni kwamba sikuambiwa.

Wapo pia wanaojua zaidi yangu ambao watasema duru mbili zimepitwa. Ipo njia nyingine ya kuiambia programu isijali ukubwa wa faili, ishike ubora uleule mwanzo hata mwisho, na hiyo yatosha kwa duru moja. Wamesema kweli. Mwenye diski kubwa na afuate njia hiyo. Lakini njia hiyo haikuambii mapema faili litakuwa kubwa kiasi gani, na sisi tulikuwa na flashi moja na kanda kumi. Shangazi wa Malindi hataki kusikia habari za diski. Ana televisheni na tundu moja la flashi. Palipo na kipimo kisichozidi, duru mbili bado ndiyo njia.

Neno moja tena juu ya kanda za asili, kwa sababu ndipo tulipoteleza sisi. Faili lililobanwa vibaya haliponi. Ukilibana tena kwa duru mbili, au kwa duru ishirini, utapata vigae vilivyobanwa vizuri. Nyanya wa mlangoni, na mrashi wake wa fedha, hatarudi, maana kanda ilikwenda jaani. Kwa hiyo kanda isitupwe, hata yenye kuvu. Na mwenye uwezo aweke nakala moja iliyobanwa bila kupoteza hata nukta. Mtindo wa FFV1 unafanya hivyo. Nakala hiyo ni kubwa, lakini hiyo ndiyo mama, na zile za flashi ni watoto wake. Jingine ni hili la simu. Ukituma video kwa WhatsApp kama video, inabanwa tena huko huko bila ya wewe kuulizwa, na kazi yako ya usiku kucha imekwenda. Itume kama hati, maana tangu mwaka wa 2022 hupokea hati ya hadi gigabaiti 2. Hayo ni kwa kanda za hadharani. Ya wanawake sisi hatukuituma kwa simu kabisa, na mama alituapisha.

Iliyokwenda Muscat, aliko dada yangu, ilikwenda mkononi, katika mkoba wa mwanamke wa kwetu aliyekuwa akisafiri. Dada alipiga simu usiku ule ule. Juu ya kompyuta na duru zake hakuuliza kitu. Aliuliza leso ya nyanya ilikuwa na jina gani, kwa sababu ameisimamisha picha, ameyasoma maneno mawili ya kwanza, na yaliyobaki yameingia katika mkunjo wa kiunoni. Tumeitazama na sisi. Maneno mawili yanasomeka wazi. Mama anasema leso hiyo alikuwa nayo, ila hakumbuki alimpa nani.